Baba aliacha kiti bila mkono mmoja, nasi hatusemezani

Shikamoo mama,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa wengine muda mrefu, wala sikudhani ipo siku nitakaa kukuandikia mwenyewe. Nina miaka 41, ni wa kwanza kwa wazazi wangu, na baba yetu alifariki miezi minane iliyopita. Aliugua siku chache tu. Hatukupata hata nafasi ya kuzoea kwamba ni mgonjwa.

Siku ya mazishi niliombwa kusoma wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Niliuandika usiku, nikausoma asubuhi. Nilisema alikuwa mtu wa familia, mtu wa pwani aliyependa muziki, useremala na maisha ya nje. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilirudi kuketi nikiona kama nimemsomea mtu nisiyemjua. Kila neno lilikuwa la kweli, lakini ukimtoa baba ukamweka jirani yeyote anayeishi kando ya bahari, karatasi ile ingemfaa naye. Sasa mwaka unakaribia kutimia, na ndugu wameniomba tena niandike ukurasa mmoja wa kusomwa siku tutakayokutana kumkumbuka. Nimeketi mbele ya karatasi mara sita. Kila mara yanatoka yale yale: familia, muziki, mbao, bahari.

Shida ya pili ni karakana. Ni chumba kidogo nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka ufukweni, alichokijenga kwa mikono yake kabla mimi sijazaliwa. Ndani mna meza yake ya kazi, misumeno, randa, na patasi zilizotundikwa ubaoni, kila moja imezungushiwa mstari wa penseli ili ikishatumika irudi mahali pake. Gitaa lake limetundikwa humo humo ukutani. Kuna boksi la kaseti alizokuwa akijirekodi usiku. Na kuna kiti cha bembea alichokuwa akimtengenezea mama. Kimekamilika isipokuwa mkono wa kulia. Ubao wa mkono huo upo juu ya meza, umeshakatwa na kuandikwa vipimo, ila haujachongwa.

Mdogo wangu wa kiume anataka chumba kisafishwe. Anasema vifaa vinapata kutu, bora vigawiwe au viuzwe kwa watu watakaovitumia. Dada yetu mdogo hataki hata maranda yaliyo sakafuni yafagiliwe. Wiki tatu zilizopita walirushiana maneno mbele ya mama, na tangu siku hiyo hawasemezani. Kila mmoja hunipigia simu mimi kumlalamikia mwenzake. Mama hasemi kitu. Jioni hufungua dirisha linalotazama karakana, hukaa hapo mpaka giza liingie, kisha hulifunga.

Jambo la tatu naona haya kuliandika. Nilipokuwa na miaka 12 nilimwomba baba anifundishe kutumia randa. Aliniambia humu mna vyuma vikali, nenda kamsaidie mama yako. Mwaka uliofuata mdogo wangu, akiwa na miaka tisa, alipewa patasi yake mwenyewe. Sikusema neno, wala sijawahi kusema mpaka leo. Mimi nilichopata ni kutembea naye tu. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, alikuwa akiniamsha alfajiri, mimi peke yangu, tunashuka ufukweni maji yakianza kupwa, tunayafuata mpaka yafike mbali, ananionyesha mashimo ya kaa, nyayo za ndege, na mahali maji yanapoanzia kurudi kabla hujayaona. Mpaka sasa, nikiwa nyumbani, naweza kukwambia maji yatajaa saa ngapi bila kutazama popote. Lakini hayo ni matembezi, si kazi. Sina ufundi wake hata mmoja. Na hilo neno "mtu wa familia" nalo linanichoma, kwa sababu alikula nasi kila usiku, kisha akainuka akaenda karakana, nasi tukalala tukisikia msumeno au gitaa, hatukumsikia yeye.

Wiki iliyopita nilichukua kaseti moja nikaiweka kwenye redio yake ya zamani. Anapiga wimbo ule ule wa miaka yote, anafika pale pale alipozoea kukosea, ananyamaza, anasema, "Hapana. Tena." Nilicheka kwa sauti. Halafu nikalia. Halafu nikaenda kufua nguo kama vile hakuna kilichotokea. Mdogo wangu anasema nimekwama kwenye hatua ya hasira. Je, ni kweli nimekwama? Niandike nini? Na karakana tuifanyeje?

Ni mimi,
Mtoto wa Kwanza

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu, nikapigia mstari yale uliyoyapita haraka haraka, na nitayarudia. Ila kuna mambo hayawezi kungoja mpaka mpatane, kwa sababu hewa ya chumvi inaendelea na kazi yake humo ndani, mkiwa mnazungumza au mmenuniana.

Anza na kaseti. Usiiweke nyingine yoyote kwenye redio ile. Sauti ya baba yako imekaa kwenye unga mwembamba wa sumaku ulioshikwa na gundi juu ya utepe wa plastiki, na gundi ya namna hiyo huchoka kwa unyevu. Kaseti hizi zilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, na hakuna aliyezibuni akifikiria kwamba mtoto atakuja kumsikiliza mzazi wake humo miaka mingi baadaye. Redio kuukuu yenye mpira uliolegea inaweza kuumeza utepe na kuukunja mbele ya macho yako. Kwa hiyo leo hii zitoe karakana, zipeleke kwenye chumba kikavu, mbali na jua na mbali na spika, kwa kuwa spika zina sumaku. Tazama ukingo wa nyuma wa kila kaseti: utaona vijino viwili vidogo vya plastiki. Vivunje. Bila vijino hivyo mashine haitakubali kurekodi juu yake, hata mtu akikosea kitufe. Ukiona utando mweupe kama unga au manyoya kwenye utepe, hiyo ni kuvu. Hiyo usiipige kabisa. Inaharibu mashine, inahamia kwenye kaseti nyingine, na si nzuri kwa kifua chako. Iweke kwenye mfuko wake peke yake, umpelekee mtu mwenye uzoefu wa kanda za zamani.

Mafundi wa kuhamishia kanda kwenye kompyuta wapo. Mwombe atakayekufanyia akupe faili kamili isiyobanwa, ile ya WAV, na nakala nyepesi ya kusikilizia kwenye simu. Nakala ziwe tatu, zikae nyumba tofauti: kwako, kwa mdogo wako, kwa dada yenu. Na mwambie fundi kwa msisitizo asisafishe chochote. Mafundi hao wana mazoea mazuri ya kuondoa mikwaruzo na vikohozi, na pengine atadhani anakutendea wema akikata ile "Hapana. Tena." Hiyo ndiyo unayoitaka kuliko wimbo wenyewe.

Gitaa nalo lishushwe ukutani. Legeza nyuzi kidogo, usizitoe zote kwa mpigo, kisha liweke kwenye boksi lake. Magitaa ya mbao hukaa vizuri hewa ikiwa na unyevu wa kati ya asilimia 45 na 55, na karakana iliyo hatua chache kutoka majini hupita hapo karibu mwaka mzima. Kipima unyevu kidogo ndani ya boksi kitakuonyesha hali ilivyo. Kabla ya yote, lishike karibu na dirisha, utazame uso wake, ule ubao wa mbele wenye tundu. Huko nyuma, mwaka 1862, fundi wa Hispania aliyeitwa Antonio de Torres aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu, uso tu ndio wa mbao, kuonyesha kwamba sauti ya gitaa inategemea zaidi uso huo. Basi ukikuta mkwaruzo mgongoni, usihangaike. Ukikuta uso umevimba nyuma ya daraja la nyuzi, au umepasuka, mpelekee fundi wa magitaa kabla hujakaza hata uzi mmoja.

Vifaa vya chuma vifutwe kwa kitambaa kikavu, vipakwe mafuta mepesi ya mashine, basi. Mafuta ya kupikia usitumie, hugeuka kuwa gundi. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, haimwondolei dada yako maranda yake, na inamtuliza mdogo wako kuhusu kutu. Mistari ya penseli ubaoni isiguswe na mtu.

Sasa turudi kwako.

Hujakwama. Mdogo wako hakusema kwa ubaya, hatua hizo za huzuni, kuanzia kukataa na hasira mpaka kukubali, kila mtu amezisikia. Ila Elisabeth Kübler-Ross, aliyeziandika mwaka 1969, alikuwa amezungumza na wagonjwa waliokikaribia kifo chao wenyewe. Baadaye watu wakazichukua wakamwekea mfiwa kama ngazi, kana kwamba lazima apande kidato baada ya kidato, na akikosa kimoja amefeli msiba. Mimi naona karibu na ukweli zaidi yale ya Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, mwaka 1999: kwamba mfiwa huenda na kurudi. Saa hii amekaa na aliyemwondokea, saa ijayo yuko na maisha yanayomdai, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakombeba. Ulicheka, ukalia, ukafua nguo. Sioni kosa hapo hata moja.

Kuna wakati huzuni inahitaji mkono wa mtaalamu, na sitaki nikufiche. Shirika la Afya Duniani linahesabu huzuni iliyopitiliza kuanzia miezi sita, na wataalamu wa akili wa Marekani kuanzia mwaka mmoja kwa mtu mzima, lakini miezi peke yake haitoshi. Wanaangalia kama huzuni hiyo ipo karibu kila siku, imekukalia kiasi kwamba huwezi kufanya kazi, kula, kulala wala kuwa na watu. Sikuoni hapo. Siku ukijiona hapo, usiniandikie mimi kwanza. Nenda kamwone daktari.

Nikija kwenye ukurasa wako, nataka nikuombe jambo moja gumu: usitumie neno "alipenda" hata mara moja. Ndilo lililoharibu wasifu wa kwanza. Ukisema mtu alipenda muziki umemweka kwenye foleni ya watu wote wanaopenda muziki. Sema alichofanya. Alijirekodi usiku akipiga wimbo mmoja miaka mingi, akikosea mahali pamoja, na hakuna siku alijisamehe akaendelea. Alizungushia kila patasi mstari wa penseli. Alikata ubao wa mkono wa kiti, akauandika vipimo, akauacha mezani akidhani kesho ataendelea. Haya yote umeniandikia wewe mwenyewe, katika barua ya mtu anayesema hana la kuandika. Yatoe humo uyapeleke kwenye ukurasa, kwa maneno hayo hayo, bila kuyavalisha nguo za msibani.

Halafu waulize wengine, lakini usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani." Ukiuliza hivyo watakujibu alikuwa mtu mwema, na utarudi pale pale. Waulize alikuwa akisimama wapi wakati anapima ubao. Alikuwa akisema nini msumari ukipinda. Alishikaje gitaa alipokuwa mgonjwa wa mgongo, kama aliwahi kuugua mgongo. Dada yako mdogo anayelinda maranda ana jambo analolikumbuka kuhusu maranda hayo, nina hakika. Mwulize ni lipi.

Ila lililonifanya nishike kalamu ni lile la ufukweni. Umesema hayo ni matembezi, si kazi. Umesema huna ufundi wake hata mmoja. Mwanangu, hapo sikubaliani nawe.

Bamvua haiji kila siku. Inakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kila baada ya wiki mbili hivi, na katikati yake kuna maji mafu ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake, kwa sababu dunia inapomaliza mzunguko wake mwezi nao umesogea, inabidi iufuate. Kwa hiyo, katika ufuko mmoja, bamvua hukauka karibu saa zile zile kila inaporudi. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua huanza kupwa alfajiri, yakafika mbali katikati ya asubuhi. Baba yako hakuwa mtu anayeamka siku yoyote akajisikia kutembea, akakukuta uko macho. Alihesabu siku. Alitazama mwezi usiku uliotangulia, akajua, akalala akiwa na nia, akaamka gizani, akawaacha wadogo zako wamelala, akaja kukugusa bega wewe. Kila baada ya wiki mbili. Kwa miaka mingapi? Hesabu mwenyewe. Mtu huyo unayesema alikula akainuka alikuwa na miadi na binti yake wa kwanza, na mwezi ndio uliompangia tarehe.

Na alichokuwa akikufundisha huko ni kazi. Kujua mahali maji yanapoanzia kurudi kabla hujayaona ni elimu ya watu wanaoishi kwa bahari, na wasiokuwa nayo hukwama kwenye mafungu ya mchanga maji yakiwazunguka. Mdogo wako alipewa patasi, nayo ingali ukutani inashika kutu. Ulichopewa wewe unacho hata ukiwa umeketi ndani na madirisha yamefungwa.

Sisemi hivi ili usahau lile la randa. Alikosea. Msichana wa miaka 12 aliomba kufundishwa, akaambiwa aende jikoni, kisha mtoto wa miaka tisa akapewa chuma kile kile kilichosemwa ni kikali. Hilo liliuma na lina haki ya kuuma. Kumpenda marehemu hakukulazimishi kusema alikuwa sawa. Mimi mwenyewe nilimzika mzazi ambaye kwa miaka miwili nilimsifia tu, mpaka watoto wangu wakawa wanamwogopa kama picha ya ukutani. Siku niliyowaambia jambo moja alilonikosea ndipo walipoanza kuuliza habari zake. Basi andika yote mawili, la randa na la bamvua, moja baada ya jingine, bila "lakini" katikati. La kusoma mbele ya watu utachagua baadaye. Ikiwa utaona la randa si la hadhara, sawa, libaki kwenye karatasi yako. Ila mdogo wako aambiwe, mkiwa wawili, kwa sauti ya chini. Nadhani hajui. Alikuwa na miaka tisa, mtoto wa umri huo hudhani dunia nzima imempa patasi.

Na "mtu wa familia" sitaki ulitoe. Lieleze tu lilivyokuwa. Alikula nanyi kila usiku, hakukosa. Kisha akainuka, nanyi mkalala mkisikia msumeno au gitaa. Wapo watoto waliolala bila kusikia chochote, wakijua hayupo, na wapo waliolala wakisikia kelele za kutisha. Ninyi mlikuwa mnajua alipo. Kama hilo lilikutosha au halikukutosha, wewe ndiye unayejua, na unaweza kuandika kwamba halikukutosha.

Kuhusu ndugu zako wawili, mtazame upya huyu anayetaka kusafisha. Ndani ya chumba kile yeye ndiye aliyesimama na baba miaka yote. Dada yako akiingia humo anakutana na harufu. Mdogo wako akiingia anakutana na mahali pake mwenyewe palipo tupu, na mikono haina wa kumpokea ubao upande wa pili. Sishangai anataka kiondoke mbele ya macho yake upesi. Mwambie umeliona hilo, kabla hujamwambia neno lolote kuhusu kuuza. Kisha kubalianeni kwamba hakuna kinachouzwa wala kutupwa mpaka mwaka utimie. Ni miezi minne tu, na kutu mtakuwa mmeshaizuia.

Nimebakiza kiti. Nimeitafuta barua yako mwanzo hadi mwisho nione mahali ambapo mmoja wenu watatu alimwuliza mama yenu. Sikupata. Mnagombana juu ya karakana ambayo yeye huitazama kila jioni kupitia dirishani, na ndani yake mna kiti kinachotengenezwa kwa ajili yake, na hakuna aliyemwuliza anakitakaje. Nenda ukaketi naye dirishani hapo. Usiende na pendekezo, wala usiende na wadogo zako. Kaa mpaka giza liingie kama anavyokaa yeye, halafu mwulize, "Mama, kiti tukifanyeje?" Huenda akataka kimaliziwe. Huenda akataka aletewe hivyo hivyo kilivyo, akikalie kikiwa na mkono mmoja, kwa sababu ndivyo alivyokiacha mumewe. Huenda akasema hajui bado. Lolote atakalosema ndilo litakalofanywa, na wadogo zako watalikubali likitoka kwake kuliko likitoka kwako.

Akisema kimaliziwe, mwombe mdogo wako achonge mkono ule, na umwombe akufundishe randa. Si kwenye ubao wa baba. Kwenye kipande chochote kilichobaki pembeni, siku kadhaa kabla. Una miaka 41, bado una mikono. Mtakapofika kwenye kazi yenyewe, kiungeni kwanza bila gundi. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kufuata unyevu, kwa urefu karibu haibadiliki, na miezi minane kando ya bahari inatosha kuufanya ulimi wa mbao uliokuwa ukiingia vizuri kwenye tundu lake usiingie tena. Gundi iliyobaki kwenye chupa ya baba msiitumie, nunueni mpya. Na kama alikuwa akipaka mafuta ya kitani, nanyi mkayapaka, vitambaa mlivyofutia vitandazwe nje vikauke kimoja kimoja. Vikirundikwa kwenye kona vikiwa vibichi hupata joto vyenyewe mpaka vikawaka moto, na karakana ile ni mbao tupu.

Kabla randa haijagusa ubao wa mkono, upige picha pande zote, vipimo vile vya penseli vionekane namba kwa namba. Kisha mwambie mdogo wako upande wenye maandishi uwe upande wa chini, na huko asipitishe msasa. Mama yenu akishusha vidole chini ya mkono wa kiti, awe anajua kilichoandikwa hapo.